Mchambuzi wa "Siku Njema" aje apande gari la machungwa

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Wiki iliyopita ukurasa wenu wa vitabu ulikuwa na makala kuhusu riwaya za safari, zile ambazo mtoto anaondoka kwao peke yake na njiani anakuwa mtu mzima. Mchambuzi aliigusa Siku Njema ya marehemu Ken Walibora. Aliisifu lugha yake, na hapo sina neno. Kisha akasema mambo mawili ambayo nimetembea nayo kichwani safari mbili nzima, kwenda na kurudi. La kwanza, kwamba riwaya imejaa sadfa, kijana anakutana na watu wa kumfaa pale pale anapowahitaji. La pili, kwamba yatima wa umri ule hawezi kuwa na akili ya kujitafutia kiasi kile, mwandishi kamvika mtoto kichwa cha mtu mzima.

Mimi si msomi, niliishia darasa la saba. Ni dereva, nabeba machungwa kutoka Muheza kwenda Mombasa. Lakini kuhusu yatima na kuhusu barabara ile naomba nisikilizwe.

Kwa ambao hawajaisoma: riwaya ilitoka mwaka 1996. Kijana ni Msanifu Kombo, lakini kwa jina la utani anaitwa Kongowea. Kwao ni Tanga, na mama yake, Zainabu Makame, ni mwimbaji wa taarabu. Mama anafariki, mtoto analelewa kwa mateso, na baadaye anavuka mpaka kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua, mpaka upande wa Kitale. Jina la kitabu limetoka kwenye methali ya siku njema kuonekana asubuhi, na kitabu kizima kinabishana na methali hiyo, maana asubuhi ya Kongowea ilikuwa giza. Mwisho wake sisemi, nisiwaharibie watakaosoma.

Mtu wa Tanga akisoma kwamba mama wa kijana alikuwa mwimbaji wa taarabu, haulizi mara mbili. Huu ndio mji wa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, mji wa sauti ya mwimbaji Shakila. Mama yangu alikuwa akipepeta mchele huku anaimba nyimbo za Shakila, na ungo wake ulikuwa unakwenda na mdundo. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza tu kitabu kile kilikuwa kimeshanishika mkono.

Mama yangu alifariki mwaka 1992, nikiwa na miaka kumi na moja. Baba alitangulia, alikuwa mkata mkonge. Nilikuwa na kaka mmoja, ananizidi miaka minane, aliyekwenda Mombasa tangu 1990 na hakuacha anwani. Habari ya msiba haikumfikia. Nikachukuliwa na mjomba, mtaa wa Ngamiani, Tanga mjini. Mjomba hakuwa mtu mbaya. Nyumba ilikuwa na watoto tisa na vyumba viwili, mimi nikawa wa kumi. Hakuna aliyenipiga. Ila ilipita miezi bila mtu kuniita jina langu. Nilikuwa "wewe", au "huyu wa marehemu".

Msimu wa machungwa nilikuwa nakwenda Muheza kila Jumamosi kuhesabu. Machungwa yanahesabiwa kwa mikono: matatu mkono wa kulia, mawili wa kushoto, unayarusha garini kwa pamoja na kutaja moja. Ukifika ishirini ni mia, unatia kokoto mfukoni. Gari likijaa, kokoto zinamwagwa chini na kuhesabiwa mbele ya mwenye shamba na mwenye gari. Nilikuwa sikosei hata kokoto moja, na dereva mmoja mzee, mtu wa Pangani, alinipenda kwa hilo.

Mwaka 1995 nilimwambia nina kaka Mombasa. Akaniuliza Mombasa sehemu gani. Nikasema sijui. Akafikiri kidogo, akaniambia, "Basi tutaanzia Kongowea, mwanangu. Mtu wa Muheza akikosekana sokoni Kongowea, watu watajua alikoelekea."

Kongowea, Mhariri. Soko la jumla la Mombasa, ng'ambo ya daraja la Nyali, ndiko machungwa yetu yanakoshushwa. Miaka minne mitano baadaye nilipokutana na kitabu ambacho yatima wa Tanga anaitwa Kongowea, nilikaa chini.

Kutoka Tanga hadi Horohoro, mpakani, ni kilomita 65, na wakati ule lilikuwa vumbi tupu. Nilivuka mpaka nimelala juu ya machungwa, chini ya turubai. Sijivunii jambo hilo, na leo sibebi mtoto wa mtu kwa njia hiyo. Nakumbuka harufu ya majani ya mchungwa yaliyopata joto, na tochi iliyopita juu ya turubai ikaenda zake. Likoni, kivuko cha feri cha kuingia Mombasa, tuliifikia alfajiri. Ulikuwa mwaka mmoja tu tangu feri ya Mtongwe izame, Aprili 1994, na watu zaidi ya 270 kupoteza maisha. Abiria waliosimama karibu nami walishika vyuma kwa mikono miwili, na mpaka tunagusa ng'ambo sikusikia mtu akizungumza.

Kongowea nilikaa wiki tatu nahesabu machungwa, mchana nahesabu, jioni nauliza. Kaka alikuwa amepita pale, lakini muuza nazi mmoja wa kwetu akaniambia ameshaingia kwenye malori ya bara. Nikamuuliza bara wapi. Akanijibu, "Wewe usimfuate. Nenda Mariakani, kwenye mizani, ukakae. Malori yote yanapita hapo."

Hapa ndipo nataka mchambuzi wenu anisikilize vizuri. Kutoka Mombasa kwenda Kitale barabara ni moja. Unapita Mariakani, Voi, Mtito Andei, Emali, Mlolongo, Nairobi, Naivasha, Gilgil, Nakuru, Eldoret, ndipo Kitale. Mariakani lori linapanda mizani, Mlolongo linapanda tena, na mji wa Mlolongo wenyewe umepewa jina na foleni ya malori. Mtito Andei ni kama katikati ya Mombasa na Nairobi, kwa hiyo madereva wote wanasimama kula, kulala, kuziba pancha. Kati ya vituo hivyo kuna nyika, hakuna pa kupotelea. Mtu aliyepita barabara ile mwezi uliopita ameacha jina lake kwenye kibanda cha chai, na muuza chai hasahau, kwa sababu kuna anayedaiwa na kuna aliyemwachia mzigo. Ukiwa na subira na ulimi mzuri, humtafuti mtu. Unakaa mahali barabara inapobana, anakuja mwenyewe, au anakuja anayemjua. Msomaji aliyeketi mjini ataliita hilo sadfa. Sisi huo ndio utaratibu wetu wa kutafutana mpaka kesho, hata kama siku hizi kuna simu.

Mariakani nilimwoshea vikombe mama mmoja muuza chai. Sikumwomba hela. Nilimwomba kazi, kwa sababu mtoto anayeomba hela anafukuzwa kwenye kituo cha malori, na mtoto anayeosha vikombe anaulizwa kala au hajala. Hilo hakunifundisha mtu, nililiona kwa macho siku ya kwanza. Nililala karibu na wauza chai kwa sababu wao huamka saa tisa usiku kuwasha moto, na palipo na moto na wanawake hapana mtu wa kukugusa. Hilo nalo nililiona.

Kulikuwa na jambo jingine, nalo ndilo lililonifanya niipende Siku Njema kuliko kitabu chochote. Kijana Kongowea hana kitu mkononi ila Kiswahili chake. Anakipenda, anakiandika vizuri, na Kiswahili hicho kinambeba. Mchambuzi ameliona hilo kama pambo. Kwangu ndiyo nauli yenyewe. Pale Mariakani nilipomwamkia yule mama shikamoo, wenzake walicheka, halafu wakanyamaza, halafu mmoja akasema, "Huyu mtoto wa Tanga ana adabu." Wiki ya pili wakajua kwamba naweza kuandika. Mama mmoja alikuwa na binti yake shule ya bweni, anataka kumwambia ada itachelewa lakini asikate tamaa. Nikamwandikia. Aliniomba nimsomee, nikasoma, akafuta macho kwa kanga, akanikaangia mayai mawili. Baada ya hapo sikuosha vikombe tena. Nilikuwa mwandishi wa barua, kalamu ya bluu na daftari la kurasa 32, sahani ya wali kwa barua moja. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mchambuzi anasema mtoto hawezi.

Tunao msemo kwamba yatima hadeki. Watu wanausema kwa kumhurumia, lakini ndani yake kuna maelezo ya jinsi akili ile inavyokuja. Mtoto mwenye mama akilia, mama anajua kalia njaa au kalia usingizi. Yatima akilia hakuna anayetafsiri. Kwa hiyo anajifunza yeye kuwatafsiri wengine: huyu ana hasira lakini si za kwangu, huyu anacheka lakini nisimkaribie, yule kakunja uso lakini atanipa maji. Kabla hajafika miaka kumi na miwili anasoma nyuso kama wengine wanavyosoma vitabu. Nani anayeiita akili hiyo kichwa cha mtu mzima? Ni ya mtoto, tena ya mtoto peke yake. Watu wazima wengi hatunayo, tulikuwa nayo tukaiacha tulipopata pa kulala.

Wiki ya tatu, usiku, nilisikia mtu anazungumza Kibondei, lugha ya kwetu Muheza, nyuma ya lori lililokuwa linasubiri mizani. Nilikimbia bila kuvaa ndala. Hakuwa kaka. Alikuwa utingo, taniboi kama wanavyoita Kenya, mtu wa Magila, umbali wa kutembea kutoka kwetu. Nilipomtajia jina la kaka yangu alicheka. "Huyo si anaziba pancha Mtito Andei? Tairi hili kaliziba yeye." Akalipiga teke lile tairi. Nililigusa kwa kiganja. Lilikuwa bado la moto.

Niseme jinsi nilivyomkuta, halafu nirudi kwenye kitabu. Alikuwa amechuchumaa mbele ya karai la maji, anazungusha tyubu polepole majini akitafuta povu. Hakuinua macho. "Wasemaje, dogo?" Nikasema, "Shikamoo kaka." "Marahaba. Gari liko wapi?" Nikasema sina gari. Nikataja jina la mama. Povu lilikuwa limeshaanza kutoka, tone moja moja, na kidole chake kilikuwa juu ya tundu. Njiti ya kiberiti ya kuweka alama ilikuwa mdomoni, lakini hakuitoa. Alikaa vile vile mpaka maji yakatulia. Kisha akauliza, "Lini?" Nikamwambia mwaka wa tatu sasa. Akauliza kazikwa wapi. Nikasema kwao, Magila. Akaitoa tyubu majini, akaipangusa, akaipiga msasa, akapaka gundi, akabandika kiraka, akakikandamiza kwa gumba muda mrefu kuliko kiraka kinavyohitaji. Halafu akanyoosha mkono akanishika kichwani. Gundi ile ilikaa kwenye nywele zangu wiki nzima na sikutaka itoke.

Niliishi naye Mtito Andei miaka mingi. Nikajifunza pancha, nikawa utingo, nikawa dereva. Kibanda cha jirani kilikuwa cha mama muuza chapati, na binti yake alikuwa anajiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Siku Njema kilikuwa kitabu cha kutahiniwa Kenya wakati huo. Alikuwa anakisoma kwa sauti ili akikariri, nami nikasikia neno Tanga. Nikaacha tairi. Nikamwomba, "Dada, rudia hapo." Akarudia. Jioni akaniazima, nikakisoma kwa taa ya chemli siku mbili, na pembeni mwa kurasa alikuwa ameandika kwa penseli maneno ya darasani: tashbihi, taswira, mbinu rejeshi. Na sehemu nyingi, kwa herufi kubwa na alama ya mshangao: SADFA!

Nilimuuliza sadfa ni nini. Akanieleza: mambo mawili kukutana bila mtu kuyapanga. Nikamwambia habari ya muuza nazi, na mizani, na utingo wa Magila, na tairi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua penseli, akarudi kwenye ukurasa mmoja, na chini ya neno sadfa akaandika: "au ni barabara". Sijui kama aliliandika hivyo kwenye mtihani. Alifaulu, na alipofaulu akaniachia kitabu. Ninacho mpaka leo, jalada limetoka, nimelishonea gunia la sukari.

Sikatai kwamba kitabu kina makosa. Kuna mahali mwandishi anaharakisha, hasa kwenye habari za mapenzi, na kuna methali zinazofuatana mpaka unataka kupumua. Mchambuzi angeyasema hayo ningemuunga mkono. Lakini kukilaumu kwa kuwa watu wanamsaidia yatima ni jambo jingine. Nilichokiona mimi ni kwamba anayemsaidia mtoto njiani ni mtu anayefanya kazi usiku, ana moto, ana sufuria, na amewahi kuwa mgeni. Watu hao wamejaa barabara nzima. Waovu wapo pia, na kitabu hakikuwaficha, wala mimi sikuwakosa. Ila hao sitaki kuwapa nafasi kwenye barua hii.

Mwandishi mwenyewe alikulia upande wa Trans Nzoia, huko huko anakompeleka kijana wake. Wengi Tanzania tulimjua zaidi kama mtangazaji wa habari kwenye televisheni za Kenya, na alipokwenda kusomea udaktari wa falsafa Marekani tulisikia fahari kana kwamba ni mtu wa nyumbani. Aprili 2020 aligongwa na gari barabara ya Landhies, Nairobi, akafariki, na zikapita siku kadhaa ndugu zake hawajui kwamba yuko mochwari. Barabara hiyo naijua. Ni pale karibu na stendi ya mabasi ya Machakos, watu wanavuka mbio na mizigo kichwani, magari hayapungui. Nilisikia redioni nikiwa nimeegesha gari, nikazima injini. Mtu aliyemwandikia yatima safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na kila kituo akamwekea mtu wa kumuuliza "wewe ni nani, watoka wapi?", yeye alilala siku zote hizo bila wa kumtaja jina. Tangu siku hiyo, nikikuta ajali njiani, nashuka kutafuta jina. Natazama kitambulisho, nauliza waliosimama, naliandika kwenye kidaftari changu, na kituo kinachofuata nalitaja kwa wauza chai.

Kwa hiyo nina maombi mawili, Mhariri. La kwanza ni kwa wauza vitabu na maktaba za upande wetu. Wenzetu wa Kenya kitabu hiki wamekisoma shuleni kizazi kizima, lakini mimi nikiuliza Tanga mjini, kwenye mji wa Kongowea mwenyewe, naulizwa kama natafuta kadi za mwaka mpya. Binti yangu yuko kidato cha pili na wenzake darasani hawajawahi kukisikia. Kileteni. Watoto wa Ngamiani wana haki ya kujua kwamba kuna riwaya inayoanzia kwao.

La pili ni kwa mchambuzi wenu, na nalisema kwa heshima. Gari langu linapakia Muheza siku za Jumanne na Ijumaa na linaondoka saa kumi na moja jioni. Kiti cha katikati kipo wazi. Aje na hati yake ya kusafiria na koti, maana usiku kuna umande. Tutapita Horohoro, alfajiri tutakuwa Likoni, na jua likichomoza tutakuwa tunashusha Kongowea. Hapo nitamwomba afanye jambo moja. Achague jina la mtu yeyote wa Muheza aliyeondoka kwao miaka mitano iliyopita, nitampa orodha. Aanze na muuza chai wa kwanza mlangoni, aamkie vizuri, aulize, na ahesabu ni watu wangapi atakaowauliza kabla hajaonyeshwa njia. Kokoto za kuhesabia nitampa mimi.

Msomaji wenu,
dereva wa machungwa, Muheza